Usimuuzie mtu maharage kwa mzani wake

Jumapili mchana, kibarazani mwa duka moja la Masakta, vijana watano wameegemea ukuta, kila mmoja na simu mkononi. Bando halihitajiki. Mmoja kawasha hotspoti, wenzake wamejiunga, na kinachochezwa ni Mini Militia: vikaragosi vyenye bunduki, vinavyoruka kwa mtungi wa mafuta uliofungwa mgongoni. Mafuta yakipungua unashuka chini, unangoja yajae, unaruka tena. Ndivyo mchezo ulivyotungwa.

Lakini mmoja wao hashuki. Yuko hewani muda wote, risasi zake hazipungui, na wenzake wanakufa mmoja baada ya mwingine bila kujua wamepigwa kutoka wapi.

“Mzee, huyu kaweka ile iliyochakachuliwa,” mmoja anamlalamikia mwenye duka. “Mafuta hayamwishii.”

“Mafuta yake anayahesabu nani?”

“Simu yake mwenyewe.”

Mzee anacheka. Pembeni yake, juu ya kaunta, upo mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo. “Basi kosa ni lenu. Mnamuuzia mtu maharage kwa mzani wake, halafu mnalia mmepunjwa.”

Mzee yule hajawahi kucheza gemu la simu, wala hana mpango. Hata hivyo, alichokisema ndicho wahandisi wa magemu ya mtandaoni wamekuwa wakijifunza kwa gharama kubwa kwa karibu miaka 30.

Kupunjwa kunafahamika huku

Masakta ni kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, na mkulima wa huku hahitaji semina kuhusu udanganyifu. Anaijua lumbesa: gunia linalofungiwa kilemba cha nyavu au kamba juu ya mdomo wake, likabeba kilo nyingi kuliko zinazolipiwa. Wenzake wa Mbulu wanaolima vitunguu saumu wanaijua pia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ufungashaji wa namna hiyo, na kila msimu maofisa hurudia onyo lilelile. Lumbesa haifi, kwa sababu kila inapotokea anayekuja na kipimo ni yuleyule anayefaidika kipimo kikikosewa.

Gemu la wachezaji wengi nalo ni soko. Kinachouzwa na kununuliwa ni risasi, mwendo, afya, mahali ulipo, na nani kampiga nani. Kila kitu lazima kihesabiwe mahali fulani. Swali la kwanza la usalama, kabla ya kumsaka mwizi yeyote, ni hilo la mzee: anahesabu nani?

Ikiwa hesabu inafanywa na simu ya mchezaji, umemkabidhi fisi bucha. Simu ni mali yake. Anaweza kuifungua, kubadilisha namba kwenye kumbukumbu yake, au kupakua toleo la gemu ambalo mtu mwingine amekwisha kulichakachua. Simu itatangaza kwamba mtungi umejaa, na simu nyingine zitakubali, kwa kuwa hazina namna ya kubisha.

Dawa yake inaitwa seva yenye mamlaka. Mfano uliofungua njia ni Quake, gemu la kampuni ya id Software lililotoka mwaka 1996: kompyuta moja inashika mchezo wote, na za wachezaji zinabaki kuwa vioo na vitufe. Kompyuta yako hairuhusiwi kusema “mtungi wangu umejaa.” Inaruhusiwa kusema “mchezaji amebonyeza kitufe cha kuruka.” Seva ndiyo itakayoangalia daftari lake, ione mafuta yamebaki kiasi gani, kisha itoe jibu. Mchezaji anapeleka ombi. Matokeo yanatoka kwa mwenye mzani.

Kanuni ni nyepesi kuisema, lakini utekelezaji wake ni ghali. Seva inayohesabu kila risasi ya kila mchezaji inahitaji kompyuta zenye nguvu, umeme na mtandao usiokatika. Ndiyo maana magemu mengi mepesi, hasa yale ya kuchezwa kwa hotspoti kati ya marafiki, huacha sehemu ya hesabu kwenye simu za wachezaji. Mtungaji wake alidhani mtakuwa mnaaminiana.

Somo la mbio ndefu

Hata seva ikishika mzani, mwenye hila atajaribu kuidanganya kwa maombi. Leo atatuma ombi la kuwa hapa, na nusu sekunde baadaye ombi la kuwa ng'ambo ya ramani. Udanganyifu huu wa mwendo ni wa zamani kuliko kompyuta, na watu wa Manyara, nchi ya wakimbiaji, wanauelewa vizuri.

Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti kwenye marathoni. Aliingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Aliupita umbali wote kwa miguu yake, na dunia inamkumbuka kwa hilo hadi leo. Miaka 12 baadaye, huko Boston nchini Marekani, Rosie Ruiz alivuka utepe akiwa wa kwanza upande wa wanawake akiwa hana hata jasho la kutosha. Baada ya siku nane alivuliwa ushindi. Waamuzi hawakuwa wamemwona akiingia barabarani kwa ujanja. Sehemu ya ushahidi ilikuwa kwamba kwenye vituo vya njiani hakuna aliyemwona akipita.

Siku hizi mkimbiaji hufungwa kidude cha kielektroniki, na mikeka iliyotandazwa barabarani husoma amepita saa ngapi. Anayeonekana kwenye kilomita ya 5 na ya 40 tu, katikati hayupo, ana maelezo ya kutoa. Seva nzuri hufanya vivyo hivyo kwa kila hatua. Inajua kikaragosi hukimbia kwa kasi gani, ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Ombi lisilowezekana hukataliwa, na kikaragosi hurudishwa kilipokuwa. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba mchezaji ni mwizi. Inatosha kwamba hesabu haikubali.

Karata zisigawiwe ovyo

Chini ya miti na kwenye vijiwe vya Tanzania, drafti huchezwa kwa vizibo vya soda mbele ya watazamaji wasiokosa maneno. Kuiba kwenye drafti ni kazi ngumu, kwa kuwa vizibo vyote viko mezani na macho kumi yanavitazama. Karata ni habari nyingine. Humo kuna siri, na penye siri kuna mchunguliaji.

Magemu ya kurushiana risasi ni karata zaidi kuliko drafti. Adui yuko nyuma ya ukuta, na utamu wote ni kutojua ni ukuta upi. Programu ya kuchungulia huuondoa ukuta huo: kwenye kioo cha mwizi, kila adui anaonekana. Seva haikudanganywa chochote hapa. Yenyewe ndiyo iliyotuma habari za walipo wachezaji wote kwa simu zote, ikitumaini kwamba simu itazificha hadi wakati wake. Mchunguliaji amesoma tu barua iliyokwishafika nyumbani kwake.

Kwa hiyo wajuzi wakajifunza kugawa karata kwa uchoyo. Kampuni ya Riot Games, ilipotoa gemu la Valorant mwaka 2020, ilieleza jinsi seva yake inavyokokotoa nani anaweza kumwona nani. Adui aliye mbali nyuma ya kuta hatumwi kabisa kwenye kompyuta yako hadi anapokaribia kuonekana. Usichopewa huwezi kukichungulia.

Siku za mwizi

Ipo hila moja ambayo mzani peke yake hauipimi: programu inayokulengea shabaha. Hapa kila ombi ni halali. Kitufe kimebonyezwa, bunduki imeelekezwa, risasi imetoka. Tofauti ni kwamba mkono uliolenga si wa binadamu.

Hapo ndipo walinzi wa kukagua kompyuta ya mchezaji walipoingia. Programu ya PunkBuster ilianza mwaka 2000. Valve, wenye gemu la Counter-Strike, wakaleta ya kwao, VAC, mwaka 2002. Kazi yao ni kupekua kumbukumbu ya kompyuta wakitafuta alama za programu za wizi zinazojulikana. Wengine wakaongeza kuchunguza tabia. Mwaka 2018 Valve ilieleza mfumo wake wa akili bandia, VACnet, uliokuwa ukitazama jinsi mchezaji anavyogeuza silaha kabla na baada ya kufyatua, na kupeleka kesi zenye shaka kwa wachezaji wazoefu wazihukumu.

Cha kushangaza wengi ni kwamba anayegunduliwa mara nyingi hafungiwi siku hiyohiyo. Wanamwacha acheze, kisha wanawafungia wengi kwa mkupuo mmoja. Sababu ni ya kijasusi: ukimfungia dakika uliyomwona, mtengenezaji wa programu atajua ni kitu gani kimemfichua, na kesho atakibadilisha. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Walinzi wa seva wamezigeuza arobaini hizo kuwa mtego.

Nyuma ya mchezaji mmoja mwenye hila kuna biashara. Machi 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakisaidiana na kampuni ya Tencent, walivunja mtandao wa wauza programu za wizi kwa magemu mbalimbali. Watu 10 walikamatwa, na mali iliyozuiliwa, magari ya kifahari yakiwemo, ilikadiriwa kufikia dola milioni 46 za Marekani. Korea Kusini ilikwishapitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2016 inayomfanya mtengenezaji na msambazaji wa programu hizo kuwa mhalifu anayeweza kufungwa jela.

Wala jukwaa la hadhara halimtishi kila mtu. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike mjini Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India alikutwa na programu ya kulenga shabaha kwenye kompyuta ya mashindano, ikiwa imejificha kwa jina la “word”, kana kwamba ni ya kuandikia barua. Timu nzima ilitolewa siku hiyo, na baadaye ikavunjwa.

Mtandao mbovu si wizi

Mpaka hapa habari ni ya kufurahisha: mzani umewekwa mahali pake, mwizi ana siku zake. Ila tukiitazama kutoka Masakta, inajitokeza shida ambayo wenye seva wa Ulaya huisikia kwa mbali.

Seva iko mbali. Habari kutoka Tanzania hadi kusini mwa Ulaya, kupitia nyaya za baharini na Bahari ya Shamu, husafiri zaidi ya kilomita 8,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu: kwenda na kurudi haipungui milisekunde 80, hata kama njiani hakuna foleni, na foleni hazikosi. Ongeza mnara wa simu uliozidiwa jioni, na kikaragosi chako kinaanza kuganda na kuruka kama nzige.

Ili mchezaji wa mbali asionewe, seva nyingi hurudisha saa nyuma. Mbinu hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 2001 na Yahn Bernier wa Valve. Risasi yako ikifika, seva hujiuliza: wakati huyu anabonyeza, adui alikuwa anaonekana wapi kwenye kioo chake? Kisha inahukumu kwa picha ile ya zamani, kama refa anayerudia mkanda wa video. Wewe unaona umempiga kihalali. Yeye, aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta, anaona amepigwa kupitia matofali. Anapiga kelele: mwizi huyo! Kumbe aliyempiga ni mtoto wa Hanang mwenye mtandao wa kusuasua.

Wahuni nao wameligundua hilo; wapo wanaoukatakata mtandao wao makusudi ili wafaidi saa ile inayorudishwa nyuma. Kwa hiyo seva zinaweka kikomo: ukichelewa kupita kiasi, unatolewa. Lakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya. Kwa macho ya seva ya mbali, nchi nzima ilikuwa na tabia za mtu anayechezea waya.

Adhabu zenyewe zina mitego kwa mnyonge. Ya kwanza ni kufungia anwani ya intaneti. Akiba kuu ya dunia ya anwani za mfumo wa zamani iliisha Februari 2011, na kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifungia kwa sababu ya mhuni mmoja, umewafungia na watu wasiomjua. Ni sawa na kufunga soko zima kwa sababu mtu mmoja kakutwa na lumbesa.

Ya pili ni kufungia kifaa. Gemu la PUBG Mobile, kwa mfano, huifungia akaunti ya mwenye hila hadi miaka 10, na vifaa pia huingia kwenye orodha. Kwa mtu anayenunua simu mpya dukani, adhabu inamfuata mkosaji. Kwetu simu hubadilisha mikono: ya kaka inakwenda kwa mdogo wake, ya mjini inauzwa mnadani. Kijana anaweza kulipa pesa zake za kibarua cha mavuno akanunua simu, pamoja na kifungo asichokijua. Mwenye seva mwenye haki hukumbuka hilo, na huacha mlango wa rufaa unaofunguka kweli.

Mlinzi naye achungwe

Walinzi wa kisasa hawaishii kwenye sebule ya kompyuta. Vanguard ya Riot, iliyokuja na Valorant mwaka 2020, hukaa kwenye kiini cha mfumo wa Windows na huamka pamoja na kompyuta, gemu likiwa limefunguliwa au la. Wana hoja: mwizi akikaa chini kuliko mlinzi, mlinzi haoni kitu. Lakini aliyepewa ufunguo wa kiini akiteleza, nyumba nzima huanguka. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, isiyohusika na magemu kabisa, ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake inayokaa ngazi hiyohiyo. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima duniani, na ndege zikabaki viwanjani.

Kwa Mtanzania lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Mlinzi wa gemu anayepekua simu ya mtoto ili kujua kama anaiba risasi hana kisingizio cha kusoma na majina ya ndugu zake.

Na wenye dhamana huanguka. Septemba 2020, ESIC, chombo cha kusimamia uadilifu wa michezo ya kielektroniki, kiliwaadhibu makocha 37 wa Counter-Strike. Kasoro ndani ya gemu ilimruhusu kocha kukaa sehemu ya ramani asiyopaswa kuiona, akatazama wapinzani wanavyojipanga. Baadhi waliikuta ikitokea, wakanyamaza. Stika ilikuwepo, na aliyepunja alikuwa mtu wa ndani.

Ndiyo maana hata seva ndogo ya vijana kumi wa Katesh, hukohuko Hanang, wanaocheza Minecraft inahitaji utaratibu kuliko inavyohitaji programu ya gharama. Waingie walioalikwa tu, kwa orodha. Nywila ya mwenye seva isizungushwe kijiweni. Kumbukumbu za nani kafanya nini zitunzwe, na nakala ya ulimwengu wao ihifadhiwe kila siku ili hila ikitokea warudi walipokuwa jana. Mwenye seva naye, anapocheza, acheze bila mamlaka yake ya ziada. Gemu lililochakachuliwa wasilikaribishe kwa sababu nyingine pia: anayekupa risasi za bure anaweza kuwa anaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, na humo ndimo zinamokuja namba za siri za kuthibitisha miamala.

Kibarazani kwa mzee

Vijana wa Masakta hawakuwa na seva ya kuhamishia mzani, wala VACnet. Walikuwa na duka, kivuli na macho kumi. Walibishana kidogo, kisha mmoja akatoa wazo: wote wafute gemu, halafu walipokee upya kwa programu ya Xender kutoka simu moja tu, kila mtu akiangalia. Nakala moja, iliyogawiwa mbele ya mashahidi. Bila kujua, walikuwa wakifanya kwa mikono kazi ambayo seva kubwa huifanya kwa hesabu: kuhakikisha kwamba faili la kila mchezaji linafanana na la wenzake, herufi kwa herufi.

Mshtakiwa alisita. “Nikifuta nitapoteza silaha zangu zote.”

“Hizo silaha ulizinunua wapi?” mzee akauliza, akiendelea kupima sukari ya mteja. Mwanamke aliyekuwa akinunua aliinama akautazama mshale wa mzani, kama anavyofanya kila siku, ingawa stika ipo na mzee anamfahamu tangu utotoni. Mzee hakuudhika. Aliugeuza mzani kidogo ili auone vizuri.

Kijana akafuta. Raundi ya kwanza aliruka, mafuta yakamwishia hewani, akaanguka katikati ya wanne waliokuwa wakimngoja.